Bonde Moja, Vibao Viwili

Kongowe, Temeke
Ijumaa, 9 Februari 2024

Mwanangu Beka,

Assalaam alaykum. Natumai barua hii inakukuta mzima huko Goba, na kile kifua chako hakijaanza tena visa vyake kwa vumbi la mlimani. Mie niko salama, ni magoti tu yananiringia asubuhi nikitaka kuinuka kwenye mswala. Binti yangu Raudha hajambo, ndiye mwenye kukuletea hii. Nimemwambia akitoka kazini kwake, lile duka la dawa karibu na ofisi yenu, akupe mkononi mwako, asimwachie mtu yeyote hapo ofisini kwenu Kawe.

Najua unacheka. Utasema shangazi ana simu, barua za nini? Umesahau yaliyonipata? Nilimtumia jirani yangu mama Khalfani sauti kwa simu, yeye peke yake, nikimsema mjumbe. Ikazunguka mtaa mzima, mpaka mjumbe mwenyewe akaja kuniwashia mlangoni kwangu nijisikilize. Tangu siku hiyo neno langu la maana nalitia kwenye karatasi.

Sasa sikiliza. Watu wa kampuni yenu, hao Uhai wa Mabonde, wameanza kazi. Wamezoa vifusi vyote vilivyomwagwa bondeni, wamezibua mkondo wa maji, wameweka mlinzi anaitwa Anselmo, kijana wa bara mwenye adabu. Matuta yangu ya mchicha nimeyaacha kama ulivyoniomba. Majirani nao wameyaacha ya kwao, na wameyaacha kwa sababu mie nilisimama kwenye mkutano nikasema, "Huyu Bakari nimemlea mwenyewe tangu kaka yangu alipofariki. Hawezi kutuingiza mjini."

Lakini pale barabarani wamesimamisha kibao: "Bonde hili linahuishwa kufidia ujenzi wa Makazi ya Pwani Nyeupe, Kawe." Stephano, yule dereva mstaafu wa nyumba ya pili, kila akipita anakisoma kwa sauti halafu ananitazama mie. Jana kaniuliza, "Bi Zuena, tangu lini tajiri wa Kawe akawa na uchungu na matete ya Kongowe?" Swali lake nakuletea wewe.

Nieleze mwanangu, na unieleze kwa Kiswahili cha nyumbani. Mtu ajenge Kawe, afidie huku, kwa nini? Na kesho bonde ni la nani?

Shangazi yako,
Zuena

*

Goba
16 Februari 2024

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Wa alaykum salaam. Mie mzima kabisa, kifua kimetulia, na Raudha kanipa barua mkononi kama askari. Pole na magoti, usichuchumae sana kwenye kufua.

Shangazi, hakuna ujanja hapa. Kawe kulikuwa na kinamasi, kama hicho chetu. Mwenye Pwani Nyeupe kapewa kibali akifukie ajenge maghorofa. Lakini kinamasi kilikuwa na kazi yake: kilinyonya maji ya mvua na kuyaachia taratibu, kililea samaki na ndege. Kukifukia ni hasara kwa mji mzima. Kwa hiyo kibali kikampa sharti: ukiua kimoja, ufufue kingine chenye ukubwa huo huo mahali pengine. Yeye ni mjenzi, hajui kufufua bonde. Anatulipa sisi tunafufua kwa niaba yake, na tunalitunza. Wakaguzi wanakuja kuona kweli limefufuka.

Kinamasi kimoja kwa jengo moja. Ndivyo ilivyo. Bonde linabaki kuwa bonde, haliuzwi, mwambie hivyo Stephano. Mie mwenyewe ndiye ninayeandika maendeleo yake. Masika yajayo utaona, maji yataishia kwenye matete, hayatakuja tena sebuleni kwako.

Waambie majirani wasiwe na wasiwasi. Nitakuja Jumapili moja nikipata nafasi.

Mwanao,
Bakari

*

Kongowe
Ijumaa, 20 Septemba 2024

Mwanangu Beka,

Hujambo? Jumapili yako bado haijafika? Sie huku tunamshukuru Mungu. Raudha alishikwa na malaria, kapona. Mie magoti ni yale yale.

Nianze na la heri. Masika yamepita na hatukutoa hata jamvi nje. Maji yalijaa bondeni yakatulia huko huko. Matete yamesimama kuliko mtu, vyura wanapiga kelele mpaka unashindwa kusikia redio, na juzi Anselmo kaokota kambare mkubwa, kaleta tumepika. Majirani wananisalimia kwa heshima. Nilikuwa nikupigie simu nikusifu.

Alhamisi wiki iliyopita nikabadili mawazo. Nilikuwa naanika nguo, nikamwona Anselmo anang'oa kile kibao cha Kawe. Kakilaza nyuma ya kibanda chake, kafunika na turubai. Kisha katoa kingine kipya, kakisimamisha kwenye mashimo yale yale. Hiki kimeandikwa: "Bonde hili linahuishwa kufidia ujenzi wa Maghala ya Nyota Tatu, Tabata."

Baadaye yakaja magari matatu. Wageni wamevaa kofia ngumu, wakatembezwa, wakapanda miche, wakapigwa picha mbele ya kibao, wakanywa soda, wakaondoka. Jioni Anselmo karudisha cha Kawe.

Nikamfuata. "Anselmo, hivi vibao vinapokezana zamu?"

Akacheka, macho chini. "Mama, kile cha mwanzo kilikuwa kinapakwa rangi."

Nimekwenda kukigusa, Beka. Hakina rangi mpya.

Kuna kitu gani hapo?

Shangazi yako,
Zuena

*

Kawe
23 Septemba 2024

Shangazi,

Shikamoo. Naandika haraka niko kazini. Pole na kuuguza.

Hiyo ya kibao ni ishu ndogo ya ofisi. Bonde ni kubwa, limegawanywa nusu mbili. Upande wa juu ni wa Tabata, wa chini ni wa Kawe. Wageni wakija wa huku tunaweka kibao cha huku. Ndiyo hivyo tu.

Ila na mie nikuulize. Nani anakuelekeza uangalie hivyo vitu? Ni Stephano? Nasikia kuna mtu anataka kununua kiwanja chake apafanye maegesho ya malori, na bonde likiwa hai hawezi kuyapitisha. Angalia usije ukawa mdomo wa mtu mwingine. Na Raudha apunguze kuzungumza na watu wa ofisi yetu wakija kununua dawa.

Barua hii ukishaisoma uichane.

Bakari

*

Kongowe
Ijumaa, 14 Februari 2025

Bakari,

Salaam. Hali yangu unaijua, uliniona juzi Jumatano.

Barua yako ya Septemba sikuichana. Niliisoma mara nyingi, nikatafuta mahali ulipoandika "mwanao" sikupaona. Kabla yake uliniambia kinamasi kimoja kwa jengo moja. Basi nikasema labda sikuelewa, mie si msomi. Nikamwomba Anselmo anionyeshe mpaka wa hizo nusu mbili, akanizungusha mpaka tukarudi kibandani, mpaka hakuna. Nikakuandikia mwezi wa kumi, kimya. Nikaandika tena kabla ya mwaka mpya, kimya. Raudha akaniambia umenunua gari. Nikasema alhamdulillah, labda ndilo linalomchelewesha.

Mpaka juzi.

Kibao kilikuwa cha Tabata. Nilitoka kwenda dukani, nikakuona unashuka kwenye gari la mbele, umevaa mabuti na koti la kung'aa. Moyo wangu ukaruka kwa furaha, nakwambia kweli. Nikasahau vibao vyote. Nikasimama pale njiani nikisubiri unikimbilie kama unavyofanyaga.

Ukaniona. Najua uliniona, maana ulikatiza neno. Halafu ukageuza uso ukaanza kuwaonyesha matete.

Yule mwanamke mwenye miwani akakuuliza, "Huyu mama ni mkazi wa hapa?"

Ukasema, "Ni jirani wa bonde."

Jirani. Hata shikamoo hukunipa. Mtoto wa mtu baki akinipita njiani ananipa shikamoo.

Nami nikanyamaza, na nikueleze kwa nini. Si kwa kukuogopa. Nilihofu nikikuita jina lako, wale watu watajua kwamba aliyewapa ardhi ni shangazi wa anayewaandikia taarifa, na utaharibikiwa. Nikakulinda na wewe unanikana. Nikaenda dukani, nikasahau nilichofuata.

Nilikaa dirishani mpaka mlipoondoka. Wakapanda miche pale pale penye alama walipopanda watu wa Kawe. Mlipoondoka nikaenda kutazama. Ile miche ya Kawe ilikuwa imeng'olewa, imerundikwa nyuma ya kibanda, mingine ilikuwa imeshatoa majani mapya.

Sasa nakuuliza mara moja tu, na sitaki nusu wala upande. Hili bonde limeuzwa mara mbili? Na wewe unajua?

Zuena

*

Goba
1 Machi 2025

Shangazi,

Shikamoo. Shikamoo tena kwa ile ya siku ile ambayo sikukupa. Sijalala vizuri tangu nipate barua yako. Nakutakia Ramadhani njema, naona mwezi utaandama leo au kesho.

Ndiyo. Ni bonde hilo hilo moja. Kawe wamelilipia, na Tabata nao wamelilipia. Mie nilijua mwaka jana mwezi wa sita. Nilikwenda kwa bosi nikamwambia kuna makosa, akaniambia hakuna makosa, akanipandisha cheo. Nikakaa kimya. Nilijiambia bonde si limefufuka kweli? Nyumbani kwako si kumekauka? Nani kaumia?

Shangazi, nisikilize kabla hujakasirika. Mwezi ujao anakuja mkaguzi wa serikali, anaitwa mama Felicitas. Kuna mtu kamnong'oneza habari. Atataka kusikia wakazi, na wewe ndiye uliyesimama kwenye mkutano, jina lako liko kwake. Akikuuliza, sema tu kwamba sehemu ya juu mliambiwa ni ya Tabata na ya chini ni ya Kawe. Maneno hayo tu.

Ukisema vinginevyo, kampuni inafungwa. Anselmo anaondoka. Malori ya vifusi yatarudi wiki hiyo hiyo, na masika yakija utakuwa unatoa magodoro nje kama zamani, wewe na wale wote waliokuamini. Na mie sijui kama nitaishia kufukuzwa tu.

Nimeongea na ofisi. Wamekubali ukingo wa bonde urudishiwe wewe, ulime mchicha wako kama zamani.

Tafadhali shangazi.

Mwanao,
Bakari

*

Kongowe
Jumatano, 30 Aprili 2025

Beka,

Assalaam alaykum. Niko mzima, na barua hii ni ndefu, kaa chini.

Barua yako ilinikuta nakoroga uji wa futari ya kwanza. Nikaisoma nimesimama. Unaniomba niseme uongo na mfungo unaingia, halafu unanitakia Ramadhani njema! Na ule mchicha, mwanangu. Mtu akishakuomba uongo halafu akakuongezea mchicha juu, ujue anakuona mtu wa bei ndogo.

Lakini sikukukasirikia siku hiyo hiyo. Nilikaa na swali lako: nani kaumia? Nikasema swali lina haki ya kujibiwa. Sie huku kweli hatukuumia. Basi mvua zilipokolea, Jumamosi moja nikamwambia Raudha anipeleke Tabata, tulitafute hilo Nyota Tatu.

Tuliliona. Ukuta mrefu, ndani maghala, nje kumemwagwa udongo mwekundu juu kama kilima. Chini ya kile kilima ndiko waliko watu. Maji yalikuwa sebuleni kwao, yamefika kwenye swichi za ukutani. Tukamkuta mwanamke anaitwa Demetria, mwalimu wa shule ya msingi, anatoa madaftari ya wanafunzi yameloa, anayabandika ukutani kwa nje yakauke.

Nikampa pole. Nikamwuliza, "Siku zote ndiyo hivi?"

"Miaka kumi na mbili naishi hapa, mama, sijaona," akasema. "Pale palikuwa na bonde, maji yalikuwa yanakwenda kulala huko. Walipolifukia tukalalamika. Wakatuambia tusiwe na hofu, bonde letu halikupotea, limehamishiwa Temeke."

Beka, nilitaka ardhi inimeze. Nimesimama kwenye maji ya yule mwalimu, na bonde lake ndilo hili nililolikingia kifua. Mpaka Raudha akanishika mkono. Sikumwambia Demetria ninatoka wapi. Nilimsaidia kubandika madaftari, nikaondoka.

Jumatatu mama Felicitas akaja. Si mtu wa maneno mengi. Bosi wako alikuwepo, wewe hukuwepo, nikashukuru. Kibao siku hiyo kilikuwa kipya cha tatu, kimeandikwa majina yote mawili, rangi inanuka. Akanisogeza pembeni akaniuliza, "Mama, mlielezwaje kuhusu sehemu hizi mbili?"

Nikamwambia, "Hakuna sehemu mbili. Bonde ni moja, na nimeona kwa macho yangu vibao viwili vikipokezana shimo moja." Nikampeleka nyuma ya kibanda. Vibao vilikuwa vimeshaondolewa. Nikajua nitaonekana mzushi. Ndipo Anselmo, ambaye hata sikumgeukia, akasema, "Vipo kwangu chumbani, mama mkaguzi. Waliniambia nivichome, nikaona mbao nzuri."

Barua zako sikuzionyesha. Nimesema niliyoyaona, jina lako sikulitia mdomoni mwangu. Akitaka kulijua, mwenye jina alitaje mwenyewe.

Na yote uliyoniambia yatatokea yametokea. Kampuni imesimamishwa, Anselmo kaondoka. Nusu ya mtaa hawanisalimii, mama Khalfani anavuka barabara akiniona. Lori la kwanza la vifusi lilikuja siku ya nne, likamwaga rundo pale kwenye mkondo. La pili halikupita. Stephano uliyemshuku, na mie nilimshuku sana tu, kaegesha pikapu yake mbovu katikati ya njia, anasema imezimikia hapo na hana fundi. Kila jioni anakaa ndani yake anasikiliza mpira.

Sasa unajua aliyeumia. Wewe utafanya nini, sijui. Sikuulizi.

Shangazi yako,
Zuena

*

Morogoro
11 Agosti 2025

Shangazi yangu,

Shikamoo. Najua ni kimya kirefu. Mie ni mzima, nimekonda kidogo. Natumai magoti yamepata nafuu na Raudha hajambo.

Walinifukuza mwezi wa tano, kabla hawajafukuzwa wenyewe. Gari nimelirudisha, lilikuwa la mkopo. Nilikuja huku kwa rafiki yangu, nafundisha jiografia masomo ya ziada. Nilikuwa naona aibu hata kushika kalamu.

Mwezi uliopita nilipanda basi nikaja Dar. Sikupita kwako, nisamehe, nilijua nikikuona kwanza nitakosa nguvu. Nilikwenda moja kwa moja kwa mama Felicitas, nikamwambia yote: nani aliagiza kibao cha pili, picha zipi zilitumika mara mbili, na taarifa zile nilizoandika mie kwa mkono wangu nikijua ni uongo. Hakunibembeleza wala hakunitisha. Kasema huenda nami nikashtakiwa, nisubiri. Nasubiri.

Nilipita Tabata pia. Nilimwona mwalimu mmoja anafundisha nje, chini ya turubai. Sijui kama ndiye huyo wako. Sikuthubutu kumuuliza.

Shangazi, nataka kurudi nyumbani. Nakuomba uniamini.

Mwanao,
Bakari

*

Kongowe
Ijumaa, 22 Agosti 2025

Mwanangu Beka,

Assalaam alaykum. Tuko wazima. Raudha kachumbiwa, atakusimulia mwenyewe, na barua hii ataipandisha basi la kwanza la kesho.

Bonde liko nusu na nusu. Lile rundo la vifusi bado limekaa pale pale, upande wake matete yamekauka. Upande wa pili yako vilevile, na ndege wapo. Mama Felicitas ameagiza kisiguswe kitu bondeni mpaka kesi iishe, na Tabata nako wanabishana kama udongo utolewe au watu ndio watolewe. Hakuna anayejua. Vuli iko njiani.

Barua yako niliipokea Jumatano ya wiki iliyopita. Niliisoma nikalia, nikaifunika, nikasema huyu mtoto kabadilika. Halafu nikaifunua tena, nikaanza kuitazama neno kwa neno kama ninavyotazama mchele. Nikajiuliza, kama kweli alikuja Dar, mbona hakuna aliyemwona? Kama ni maneno tu ya kunilainisha? Maana hata ile ya nusu mbili uliiandika kwa mwandiko huu huu mzuri.

Basi sikukujibu. Jumatatu nilivaa baibui langu jipya, Raudha akaomba ruhusa kazini, tukaenda ofisini kwa mama Felicitas. Tulikaa kwenye benchi tangu asubuhi mpaka adhuhuri ikaadhiniwa. Alipotoka nikamwuliza, "Samahani mama, kijana anaitwa Bakari, mrefu, ana kovu kwenye nyusi, aliwahi kufika kwako?"

Akanitazama kwanza. "Mama ni nani wake?"

Nikamwambia, "Ni mwanangu. Nimemlea mie."

Akasema hawezi kunieleza yaliyozungumzwa. Lakini akasema, "Alifika. Alikaa hapa kutwa nzima, na hakuna aliyemwita, alikuja mwenyewe."

Nilirudi nyumbani sijui nimepitia wapi.

Nimekueleza haya ili usije ukasikia kwa Raudha ukadhani nimekuficha. Sikukuamini. Nilikwenda kuulizia. Na huenda nikaulizia tena kesho kutwa, juu ya jambo jingine dogo tu, ukisema ulikuwa dukani nitamwuliza muuza duka. Usinichukie. Ndivyo nitakavyokupenda kwa muda huu, kwanza naulizia, halafu napika.

Nimeshaulizia. Njoo ule.

Shangazi yako,
Zuena